Uwakili kwa Njia ya Uanagenzi: Njia Iliyofungwa na Njia Iliyo Wazi

(Maneno haya yalisemwa na ndugu mmoja wa kazi ya reli, katibu msaidizi wa tawi, mbele ya wanachama wa Kisii na Nyamira waliokuwa nyumbani kwa mapumziko. Tumeyapiga chapa kama alivyoyaandika.)



Wengi mwanijua, lakini kwa wageni nitajieleza. Mimi ni mtu wa kazi ya reli. Reli haijafika Kisii wala Nyamira mpaka leo, kwa hiyo mwana wa huku akiitaka kazi hiyo hana budi kuifuata iliko, nami niliifuata Kisumu. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, haikupita hapo. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba nazungumza kama msomi. Nazungumza kama mtu aliyebeba mafaili ya chama kwa miaka kadhaa na kuona yanayofanyika mahakamani.

Katika mkutano uliopita mama mmoja mchuma chai kutoka upande wa Kebirigo alisimama akauliza swali, na hatukuweza kumjibu vizuri. Alisema hivi: mwanangu amemaliza shule ya sekondari, karo ya chuo kikuu hatuna, na wakili mmoja mjini amemwambia aje akae ofisini kwake, mwaka wa kwanza bila mshahara, na akikaa miaka ya kutosha atamfanya wakili. Je, neno hilo ni la kweli? Mtu aweza kuwa wakili kwa kukaa kwa wakili, kama vile fundi afundishwavyo na fundi?

Jibu fupi nitalitoa kwanza, ili anayewahi matatu aende nalo. Hapana. Katika Kenya ya leo haiwezekani. Lakini jibu refu lina mambo yatufaayo sisi wafanyakazi, na ndilo lililonifanya niketi usiku tatu nikiandika karatasi hizi.

Swali la mama si la kipumbavu hata kidogo, maana kazi zetu zote tumezipata kwa njia ile ile. Wazee wa reli waliostaafu walituhadithia kwamba zamani za injini za moshi hakuna mtu aliyeanza kwa kushika mtambo. Alianza kwa kusafisha injini, akapanda kuwa mtia moto, akakaa miaka kando ya dereva akiutazama mkono wake, ndipo akapimwa na kupewa injini. Nendeni Tabaka kwa wachongaji wa mawe. Mtoto anaanza kwa kusugua jiwe ndani ya maji, kazi ya kuchosha kabisa, na siku anapopewa kisu achonge kiboko mdogo amekwisha kulijua jiwe kwa vidole. Hata hukumu za kwetu zilifundishwa hivyo. Kijana aliyetumwa kuwaletea wazee maji, wale tuwaitao abagaaka, aliisikia kesi ya mahari au ya mpaka mara nyingi sana kabla ya kuruhusiwa kufungua kinywa chake.

Basi kwa nini isiwe hivyo kwa uwakili?

Ndugu zangu, ilikuwa hivyo. Wakati wa ukoloni hapakuwa na mahali po pote katika nchi hii pa kusomea uwakili. Mtu alikwenda Uingereza au Bara Hindi. C. M. G. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili, alisomea Uingereza, na aliporudi akawatetea watu wengi walioshitakiwa kwa mambo ya Mau Mau katika miaka ya Hali ya Hatari. Alikufa mwaka 1969. James Nyamweya wetu, aliyechaguliwa kuwa Mbunge wa Nyaribari mwaka 1963 na baadaye akawa Waziri, naye alisomea sheria huko huko Uingereza. Fikirini nauli ya meli peke yake. Na huku nyumbani, katika mahakama za Waafrika, mawakili hawakuruhusiwa kusimama kabisa. Mtu alijisemea mwenyewe mbele ya wazee wa baraza.

Uhuru ulipokaribia serikali ikaona aibu, au ikaona haja, sijui ni ipi iliyotangulia. Mwaka 1961 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza, na masomo yake ya kwanza kabisa yalikuwa ya sheria. Mwaka huo huo sheria ya mawakili ya Kenya ikaweka Baraza la Elimu ya Sheria, na mwaka 1963 Shule ya Sheria ya Kenya ikafunguliwa mjini Nairobi. Sasa sikilizeni vizuri. Shule hiyo haikufunguliwa kwa ajili ya wenye digrii. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafundisha makarani wa mkataba, watu waliomaliza sekondari wakafunga mkataba na wakili kumtumikia miaka mitano. Kwa miaka hiyo karani alifanya kazi ofisini, alihudhuria mafundisho shuleni, na alifanya mitihani. Akifaulu aliapishwa kuwa wakili kamili, bila kupitia chuo kikuu.

Kwa hiyo wakili yule wa mjini hakulitoa neno lake hewani. Yawezekana alilisikia kwa mzee fulani. Ila amelisema limechelewa.

Nataka tuutazame mkataba ule wa miaka mitano kama tunavyoutazama mkataba wa chama, kifungu kwa kifungu, kwa sababu siri imo humo. Ulikuwa umeandikwa. Wakili alifungwa nao afundishe, wala si kutumikiwa tu. Miaka ilihesabiwa, na karani alijua siku ya mwisho ni lini. Mtihani ulisahihishwa na watu wengine, hata kama wakili mwenyewe alimpenda karani au alimchukia. Na mwisho wake lilikuwapo daftari la mawakili ambamo jina lingeandikwa. Ondoa hayo yote, ubakize karani na chumba na mashine ya chapa, utakuwa na mtumishi wa bei rahisi.

Hata njia ile ilikuwa na kizuizi chake. Ofisi za mawakili wakati huo karibu zote zilikuwa za Wazungu na Wahindi. Mwana wa Kisii asiye na mtu mjini angempata wapi wakili wa kumtilia sahihi mkataba? Baadaye, mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha sheria, wenye digrii wakaongezeka, na njia ya makarani ikazidi kuwa nyembamba hata ikafungwa. Sheria ya Mawakili iliyoko sasa, ya mwaka 1989, yataka digrii ya sheria. Wako wazee hapa wanaokumbuka pia mahakimu wa wilaya ambao hawakuwa na digrii, waliofundishwa kazi kwa muda mfupi wakapelekwa kuhukumu. Hao nao wamekwisha.

Nchi nyingine hazikufunga mlango wote. Mwajua Abraham Lincoln, Rais wa Marekani. Mtu huyo hakukaa shuleni hata mwaka mmoja kwa jumla, alikuwa mpasua magogo ya kujengea ua, akaazima vitabu vya sheria kwa rafiki yake wakili, akasoma peke yake, akapata ruhusa ya uwakili mwaka 1836. Baadaye aliitetea kampuni kubwa ya reli ya Illinois Central, akashinda, na kampuni ilipokataa kumlipa haki yake akaishitaki mwaka 1857, akapata dola 5,000. (Mnacheka, lakini mambo ya reli na malipo ni ya zamani.) Na hata leo, katika majimbo machache ya Marekani kama California, Virginia, Vermont na Washington, mtu aweza kusomea ofisini kwa wakili badala ya chuo cha sheria. Huko California ni miaka minne, saa 18 kila wiki, chini ya wakili aliyefanya kazi miaka mitano au zaidi, na baada ya mwaka wa kwanza kuna mtihani wa kuwachuja. Uingereza nayo, tangu miaka kumi hivi iliyopita, imeanzisha uanagenzi wa uwakili wa miaka sita, na mwanagenzi analipwa mshahara.

Karibu zaidi na kwetu yuko Nelson Mandela. Alipokimbilia Johannesburg miaka ya 1940, Walter Sisulu alimpeleka kwa wakili mmoja aitwaye Lazar Sidelsky, akaandikwa karani wa mkataba. Chuo kikuu alikwenda, lakini digrii ya sheria hakuipata wakati huo, alishindwa mitihani. Hata hivyo alimaliza utumishi wake wa ukarani, akafaulu mtihani wa mawakili, na mwaka 1952 yeye na Oliver Tambo wakafungua ofisi yao. Digrii yenyewe aliipata mwaka 1989, akiwa bado kifungoni. Ndiyo kusema alikuwa amekwisha kuwatetea watu mahakamani na kuhukumiwa kifungo cha maisha kabla ya kuwa na ile karatasi ambayo leo mtoto wa Nyamira anaambiwa ni lazima aanze nayo.

Mimi kwa maoni yangu mlango wa makarani haukustahili kufungwa wote. Wangeweza kuubakiza mdogo, wenye mtihani mgumu. Lakini maoni yangu si sheria, na mama wa Kebirigo hakuuliza maoni yangu.

Njia ya leo ni hii. Kijana apate C+ katika mtihani wa kidato cha nne, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Naam, Kiswahili kinatosha; wazazi wengi hawalijui jambo hilo. Asome digrii ya sheria miaka minne, na hata Chuo Kikuu cha Kisii hapa mjini kinaifundisha. Kisha aende Shule ya Sheria Nairobi, na afanye kazi ya mafunzo miezi sita chini ya wakili mzoefu. Hiyo miezi sita ndiyo iliyobaki ya ile miaka mitano ya zamani. Afaulu mitihani ya Baraza, amwandikie Jaji Mkuu, aapishwe, atie sahihi katika daftari. Mtu mwingine ye yote anayejiita wakili anatenda kosa la jinai, hata awe hodari kiasi gani. Mnakumbuka Oktoba 2023, Chama cha Wanasheria kilipotangaza kwamba kijana fulani wa Nairobi si wakili, na magazeti yakasema ameshinda kesi 26. Watu wengi walimshangilia. Mimi sikushangilia, na sababu yangu iko nyumbani kwetu.

Ninaye ndugu, mtoto wa baba mdogo. Yeye aliahidiwa neno lile lile aliloahidiwa mtoto wa mama huyu. Alikaa katika ofisi ya wakili miaka kumi na moja. Ofisi hiyo siitaji, na mwenyewe hayupo hapa kujibu. Alifagia, akapeleka samansi, akajifunza kupiga chapa, na mwishowe alikuwa akiandika hati za kiapo na mapatano ya mauzo, wakili akitia sahihi tu bila kusoma. Kijijini tulimwita "Wakili". Naye alilizoea jina hilo. Jioni na Jumapili watu walimjia nyumbani kwa mambo ya mashamba, akawaandikia kwa malipo madogo.

Mjane mmoja alinunua kipande cha shamba. Mnajua mashamba ya huku kwetu yalivyo. Kipande chake hakifiki hata ekari moja, lakini alikuwa ameuza ng'ombe na kuchukua mkopo wa chama cha akiba. Ndugu yangu aliandika mapatano. Nimeyaona. Yalikuwa mazuri sana kutazama: majina, namba za vitambulisho, namba ya shamba, mashahidi wanne, mhuri wa chifu. Kila neno lilikuwa mahali pake, kwa sababu alikuwa ameyanakili mamia kama hayo. Jambo moja hakuwaambia. Shamba la kilimo likiuzwa, sheria yataka kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe katika miezi sita tangu mapatano. Bila hicho mauzo ni bure. Ofisini kazi hiyo ya bodi ilikuwa ikifanywa na karani mwingine, katika chumba kingine. Ndugu yangu hakuwahi kuambiwa kwa nini. Miezi sita ikapita, mwenye shamba akapata mnunuzi wa bei ya juu, na akamwambia mjane: nenda mahakamani.

Mjane yule huabudu kanisa moja na mama yangu. Kila Jumamosi hukutana mlangoni. Ndugu yangu alihama kijijini.

Nimewaza sana juu ya nani mwenye kosa. Ndugu yangu anayo sehemu yake, kwa kuwa alipokea fedha kwa kazi ambayo sheria inamkataza. Lakini kwa miaka kumi na moja mtu mmoja alipata faida ya mikono yake bila kumfundisha lo lote zaidi ya umbo la karatasi. Fundi mitambo mwanagenzi mkataba wake huandikwa, na kupelekwa kwa mamlaka ya mafunzo ya viwanda ukaandikishwa, na leba ofisa aweza kuuliza amefundishwa nini. Karani wa wakili hana ulinzi huo. Anayo ahadi ya mdomo.

Sasa nakuja kwenye njia iliyo wazi, na hapa naomba msilale, hata nyinyi mliotoka zamu ya usiku.

Sheria ya Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi, ya mwaka 2011, katika kifungu cha 22 yasema mtu aweza kujisemea mwenyewe, au kusemewa na wakili, au kusemewa na afisa wa chama chake cha wafanyakazi. Afisa wa chama! Haikusema mwenye digrii. Mahakama ya Viwanda ilipoanza mwaka 1964 viongozi wa vyama walisimama humo wakabishana na mawakili wa waajiri, na mpaka leo wanasimama. Si kila mwanachama. Awe afisa aliyechaguliwa au kuajiriwa na chama, na chama chenyewe kikiwa mdai anahitaji barua ya Katibu Mkuu ya kumruhusu. Lakini katika mahakama hiyo, kwa ajili ya mwanachama, mtu wa darasa la nane aweza kusimama mbele ya Jaji na kusikilizwa sawa na wakili wa Nairobi mwenye kanzu nyeusi.

Tena kabla ya mahakama kuna mahali pengine, na ndipo nilipoanguka mimi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema mwajiri akitaka kumwachisha mtu kazi kwa kosa, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama kando yake wakati wa maelezo hayo, na wote wawili wasikilizwe. Nilikuwa nimechaguliwa mwakilishi miezi minne tu. Ilikuwapo kampuni moja ya kandarasi, jina nalihifadhi, iliyokuwa ikikata majani na kuzibua mifereji kando ya njia. Kijana wa Nyamira, mwanachama wetu, aliitwa ofisini kwa kupotea kwa vifaa. Nikaenda naye. Msimamizi akasoma karatasi ya Kiingereza kwa haraka. Kijana hakuelewa hata nusu, na mimi nilielewa kidogo zaidi yake. Akaniuliza kama nina la kusema. Nikavua kofia, nikasema, "Bwana, tafadhali msamehe, ana watoto."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nilimwombea msamaha wa kosa ambalo hakuna aliyelithibitisha. Akafukuzwa siku ile ile.

Baada ya muda alikuja mzee mmoja wa chama, afisa wa miaka mingi, akaniuliza habari. Nilipomaliza kusimulia hakunigombeza. Aliuliza, "Siku ngapi zimepita?" Tukahesabu: 71. Akaniambia mgogoro wa kufukuzwa kazi hupelekwa kwa Waziri wa Kazi katika siku 90. Kwa hiyo tulikuwa na siku 19, na mimi nilikuwa nimekaa nikimfariji kijana kwa chai. Usiku ule tuliandika barua kwa mkono.

Nikaanza kumfuata mzee huyo. Nilibeba faili. Tulikwenda kwa msuluhishi wa wizara, kampuni haikukubali neno. Tukafungua kesi Kisumu. Kesi ilikawia zaidi ya miaka mitatu, na katika miaka hiyo nilifundishwa mambo ambayo nisingeyapata katika kitabu kimoja. Alinifundisha kuandika tarehe juu ya kila karatasi siku ninayoipokea. Alinifundisha kusoma mapatano ya pamoja kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwa sababu mambo ya nidhamu huwekwa nyuma ambako watu hawafiki. Alinifanya niandike hati ya madai, akaichana, nikaandika tena, akaichana. Mara ya nne alibadili maneno mawili tu.

Siku ya kusikizwa msimamizi alipanda kizimbani. Mzee akasimama, akauliza, "Mashitaka ulimsomea kwa lugha gani?" Akajibu, Kiingereza. "Je, unajua kama anakifahamu Kiingereza?" Akanyamaza, kisha akasema, "Sikumwuliza." Mzee akaketi. Mimi nilikuwa nyuma yake nimejaa maswali, nikamvuta koti nikimnong'oneza amwulize habari za vifaa, na habari za matusi, na mengine. Akatikisa kichwa. Nje akaniambia kwamba msimamizi alikuwa amekwisha kutupa tulichokuja kutafuta, na swali moja zaidi lingempa nafasi ya kukichukua tena.

Tulishinda. Jaji alisema kuachishwa kule hakukuwa kwa haki, kijana akapewa mishahara ya miezi mitano, na ya notisi, na siku zake za likizo. Lakini kazini hakurudishwa. Mahakama ina uwezo wa kumrudisha mtu kazini katika miaka mitatu tangu kufukuzwa, na miaka hiyo ilikuwa imepita. Kama mimi ningesema neno moja siku ile ofisini, kwamba asomewe kwa Kiswahili au kwa Ekegusii, pengine asingefukuzwa kabisa. Sasa anauza ndizi Keroka. Tukikutana hunisalimu vizuri.

Tangu hapo nimesimama mwenyewe mara tatu, kwa barua ya Katibu Mkuu. Mbili tulishinda, moja nilishindwa kwa sababu mwanachama alinificha barua ya onyo, nikaiona kwa mara ya kwanza mkononi mwa wakili wa upande wa pili. Mimi si wakili na siwezi kuwa. Mtu akinijia kwa mambo ya shamba, au talaka, au mwana aliyekamatwa, namwambia sijui, namwelekeza kwa wakili au kwa Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Kazi yangu ni katika nyumba moja, na nimeingia kwa mlango ambao sheria yenyewe iliufungua.

Mama wa Kebirigo, namwona amekaa pale nyuma. Mama, kama alama za mwanao zinamruhusu, usikate tamaa ya chuo mapema. Tuzungumze baadaye juu ya mikopo ya serikali. Kama haziruhusu, iko diploma ya msaidizi wa sheria katika ile ile Shule ya Sheria, nayo ni kazi halali yenye jina lake. Na kama bado anataka kukaa katika ofisi ile, basi akae kama mfanyakazi. Kazi ya miezi mitatu au zaidi mkataba wake lazima uandikwe. Auombe, na uonyeshe mshahara tangu mwezi wa kwanza. Wakili akikataa kuandika, mtakuwa mmekwisha kupata jibu la swali lako bila mimi.

Na nyinyi wengine, matawi yenu yana wawakilishi ambao watasimama ofisini siku moja kama nilivyosimama mimi. Tangu ugonjwa wa korona wa mwaka 2020 mambo mengi husikizwa kwa video, na hata hayo mtu aweza kusikiliza kwa simu, lakini kesi tuliyo nayo sasa, ya mwanachama wa Nyansiongo, itasikizwa Kisumu mahakamani, mashahidi wakiwapo. Nitakuwa na faili tatu, na mikono yangu ni miwili. Nataka wawakilishi wawili wafuatane nami, mmoja wa Kisii na mmoja wa Nyamira, wenye daftari na kalamu, na wakubali kunyamaza siku nzima. Chama kitalipa nauli, chakula mjitegemee. Matatu ya kupitia Oyugis na Ahero inaondoka Kisii saa kumi na moja alfajiri. Majina nitayaandika hapa mezani tukimaliza.